Jogoo Aliyetolewa kwa Jeraha

Eladio alimnyonga jogoo wake mbele ya watu wote, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika bia. Jogoo huyo alikuwa ametimua mbio katikati ya pambano la majogoo, na huku kwetu milimani Utuado jogoo mwoga harudi nyumbani akiwa hai. Lakini hasira za Eladio hazikuishia kwa ndege. Mwiba mmoja wa bandia, ule wa kupigania unaofungwa mguuni, ulikuwa umelegea, na aliyeifunga miiba ile kwa nta na uzi, kama kila Jumamosi, alikuwa binti yake, Zulmarie.

"Njoo hapa," alimwambia nyuma ya vizimba. "Weka mkono."

Aliuweka. Ndivyo alivyolelewa, maskini. Eladio akaubamizia kifuniko cha sanduku la jogoo, akakibamiza tena, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikavunjika.

Jumatatu Zulmarie akashuka mlimani kwenda chuoni, mkono umefungwa bendeji. Kozi ya kemia ya kiangazi haina huruma: masomo ya muhula mzima husukumwa ndani ya wiki chache, na maabara ni kila siku. Bila vidole angefeli, na kufeli kungeburuza wastani wake wa alama chini. Naye alikuwa ameomba nafasi ya uuguzi jijini San Juan, pamoja na chumba bwenini, mbali na nyumba ile. Hakuwa na mlango mwingine wa kutokea.

"Umechelewa, mwanangu," alisema Bi Ivelisse, karani wa rekodi, Zulmarie alipoomba kujiondoa kwenye kozi. "Ungejiondoa siku za mwanzo, kozi isingeonekana popote. Sasa itabaki pale na herufi W, ya aliyejiondoa."

"Itashusha wastani?"

"Wastani haiugusi. Ila haifutiki. Wale wa uuguzi wataiona na kujiuliza kama wewe ni mtu wa kuanza na kuacha."

"Kwani haisemi sababu?"

"Herufi ina mdomo? Ukijiondoa kwa ajili ya jeraha, useme limetokana na nini, daktari athibitishe, nasi tunaandika hivyo." Akautazama mkono. "Huo umepatwa na nini?"

"Mlango wa gari."

"Mlango huo una hasira kweli."

Zulmarie akasaini fomu ya kujiondoa kwa mkono wa kushoto, akaondoka.

Kesho yake Eladio alikuwa akiosha majogoo kwenye pipa alipomwuliza mbona hajaenda masomoni. Zulmarie akamwambia ukweli.

"Umejitoa?" Eladio akamdaka nywele. "Kumbe nimefuga mwoga hata nyumbani!"

Akamzamisha kichwa pipani. Maji yalikuwa na ladha ya damu na manyoya. Zulmarie alipapatika, na humo ndani ya maji, kifua kikiwaka moto, alimkumbuka mwamuzi wa uwanjani. Jogoo akiacha kupigana, mwamuzi humwinua kwanza na kumpapasa mifupa. Aliyekimbia hutangazwa kuwa amekimbia, aliyevunjika hutangazwa kuwa amejeruhiwa, na huyo hakuna anayemgusa shingo. Hata Eladio, mgomvi wa dunia nzima, hakuwahi kubishana na vidole vya mwamuzi.

Akarusha kiwiko nyuma kwa nguvu zote. Pua ya Eladio ikapasuka, mkono wake ukaachia.

"Sikukimbia, Baba," alisema huku akikohoa maji. "Nimevunjwa. Na wewe tofauti yake unaijua."

Eladio alifuta damu kwa kiganja, akaitazama, akacheka kwa dharau.

"Mwamuzi gani kasema?"

Zulmarie akageuka. Alishuka mlimani vilevile, nywele zikimchuruzika maji mgongoni, na watu njiani wakampisha. Pale ofisini aliifungua bendeji, akaviweka juu ya meza vidole viwili vilivyovimba, vyeusi kama ndizi zilizooza.

"Bi Ivelisse, hakuna mlango wa gari," alisema. "Papasa mifupa kwanza, halafu ndipo uandike."

Karani aliinuka, akafunga dirisha la huduma, akamvutia kiti, akashika kalamu.