Zamu ya Migongo

Jumamosi saa tatu asubuhi, wastaafu watatu wa jumuiya moja ya Mlandege walikaa sebuleni kwa Mwalimu Juliana. Mbele yao kulikuwa na chai ya maziwa na fomu tatu za bima ya nyongeza. Kadi zao za kawaida zilitibu malaria na shinikizo la damu. Nyongeza ilikuwa na vifurushi vitatu: macho, meno, magoti. Mstaafu mmoja, kifurushi kimoja. Wakala wa kampuni, Benjamini, angepita saa sita kuchukua fomu.

Juliana alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na magoti yaliyolia kama bawaba za mlango. Kwa miezi minne alikuwa akisoma somo kanisani kwa kukariri. Devota, mkunga mstaafu, alimsomea kila Jumamosi jioni, na Jumapili Juliana alisimama mimbarini akageuza kurasa asizoziona. Waliojua ni Devota na Mungu tu, na wote wawili walinyamaza. Akichagua macho, ngazi za kanisa zingemshinda. Akichagua magoti, angezipanda akiwa kipofu.

"Tusali kwanza," alisema Liberatus. Alikuwa dereva wa lori la serikali kwa miaka thelathini, na hakuwahi kuwasha gari bila ishara ya msalaba.

Wakasali, wakapeana amani. Devota alipoushika mkono wa Juliana, maumivu ya magoti yake yote mawili yakahamia kwa Juliana.

"Dada, umenipa magoti yako."

"Ee, naona. Samahani. Nirudishie."

Juliana akamrudishia, na ya kwake yakafuata. Devota akakaa taratibu na maumivu ya magoti manne.

Liberatus akaweka kikombe chini. "Si ndivyo tulivyokuwa tunalima? Leo wote shambani kwa Devota, kesho wote kwa mwalimu. Basi tuugue hivyo hivyo: magoti yote kwa Devota, macho kwa mwalimu, meno kwangu."

"Wewe baba, meno ya watu watatu utayaweza?" Devota akamtania. "Mtu unalia ukinyolewa ndevu!"

"Lete."

Akayapokea, shavu likavimba mpaka sikioni. Devota akachukua na magoti ya Liberatus, yakawa sita. Aliyesita ni Juliana. Akipokea ukungu wa macho ya wenzake juu ya wa kwake angebaki gizani kabisa, na kampuni ikikataa kulipa, asingeona kitabu tena. Akasali Salamu Maria moja, kisha akanyoosha mikono. Chumba kikazimika.

"Haya, nani atanionyesha pa kusaini?" akauliza, wakacheka hadi chai ikamwagika.

Ikabaki migongo. Kila mmoja alikuwa na wake: wa kuandika ubaoni, wa kukaa kwenye usukani, wa kuinamia wazazi. Benjamini alipofika, Liberatus alimuuliza mgongo uko ukurasa gani.

"Haupo, mzee wangu. Makao makuu wanasema wastaafu wote wanao, kwa hiyo si ugonjwa."

Akakusanya fomu, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Wiki ya tatu daktari alimtoa Juliana watoto wa jicho sita. Fomu ilikuwa na nafasi ya wawili, akaandika wawili. Liberatus aling'olewa meno kumi na moja, manne yakiwa ya Devota. Devota alichomwa sindano sita, akarudi nyumbani kwa miguu. Kampuni ililipa bila swali. Migongo waliibeba kwa zamu: mmoja alishika yote mitatu siku nzima, wawili wakatembea wima.

Jumapili ya mwisho ya mwaka, Juliana alipanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta, akafungua kitabu, akaona. Jioni iliyotangulia Devota alikuwa amemsomea kwa mazoea, na sasa ikajulikana kwamba Devota huruka majina magumu. Juliana akayasoma yote, moja moja, kwa sauti ya darasani. Kwenye benchi la mbele Devota alijiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakimtikisika.

Baada ya misa Benjamini aliwapa fomu za mwaka mpya. Macho, meno, magoti. Mgongo haukuwepo. Wakasaini palepale pa mara ya kwanza.

Liberatus alisaini bila kuinama, maana siku hiyo ilikuwa ya kwake na uso ulikuwa tayari magotini.

"Mwalimu, zamu yako kesho."

"Lete leo leo, baba. Leo sitausikia sana."

Wakashikana mikono. Liberatus akanyooka, akapunga hewa. Juliana akainama mpaka pua ikakaribia barabara, akaanza kuteremka kwenda Mlandege. Kila kilichoandikwa chini alikisoma kwa sauti: vizibo vya soda, karatasi za biskuti, tiketi ya basi la Mbeya yenye jina la abiria. Devota alimshika mkono, na Juliana hakuruka hata neno moja.