Nyumba Inauzwa Kama Ilivyo

Rosalba Quiñones alirudi kutoka kiwanda cha nyanya akamkuta Garrett Lindqvist jikoni kwake, anagonga vigae kwa kucha. Vigae hivyo alivinunua Rosalba, mpangaji, akavibandika kwa mikono yake, baada ya mzee Lindqvist kumwambia, "Tengeneza tu, mwanangu. Nyumba hii nitakuuzia wewe." Mzee akafa bila kuyaandika popote. Nyumba ikabaki kwenye amana ya familia, na msimamizi wake ndiye huyu mwanawe, ambaye enzi za ugonjwa hakumletea baba yake hata bakuli la supu.

"Jiko zuri," alisema Garrett. "Limepandisha bei."

"Nimelijenga mimi."

"Na tunakushukuru sana, mama."

Rosalba akataja tena bei yake. Benki ilikubali kumkopesha kiasi hicho, basi.

Garrett akashika kifua. "Ingekuwa yangu peke yangu, ningekupa leo. Lakini ni mali ya ndugu zangu pia. Sheria inanibana, lazima nimuuzie anayetoa zaidi. Na wapo watu. Wamekubali hata kununua bila ukaguzi, ili wakupiku."

"Basi kuna jambo huko uani..."

"Aa-aa!" Trudy, dalali aliyekuja na Garrett, alimkatiza, mkono juu. "Usituambie! Garrett hajawahi kuishi hapa. Asichokijua, halazimiki kukisema. Tuachie ujinga wetu, tafadhali."

Wakacheka wote wawili.

Haya, akawaza Rosalba. Cha mtema kuni mtakiona. Kifuniko cha tangi la maji taka kilikuwa kimeoza, udongo juu yake unadidimia, naye alikuwa ameufunika kwa mbao. Angenyamaza mpaka siku ya kukabidhi funguo, kisha amwage mtama mbele ya mnunuzi. Biashara imfie Garrett mkononi, aje kumpigia yeye magoti. Kwao alikozaliwa, Michoacán, nyumba huwa haijauzwa mpaka funguo zibadili mikono. Alifungasha vyombo vyake huku akiimba.

Siku ya funguo, mbele ya Garrett na Trudy, mnunuzi alikuja na buti za kiwanda cha kuku miguuni na mtoto mgongoni. Aliitwa Pa Houa.

"Dada, umeitunza vizuri," alisema. "Mume wangu analia kwa furaha tangu asubuhi."

Rosalba alimtazama, roho ikamsuta kidogo. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda.

"Kifuniko cha tangi la maji taka huko uani kimeoza. Mtoto akikanyaga pale anazama. Huyu bwana hakutaka kujua. Kataa funguo, udai pesa zako!"

Pa Houa alimgeukia Trudy. "Naweza?"

"Mlisaini wiki iliyopita, mpenzi. Hati imeshasajiliwa kwa jina lenu. Nyumba imeuzwa kama ilivyo, pamoja na kasoro zake."

"Lakini walijua!" Rosalba alipaza sauti.

"Yeye ndiye alijua," alisema Garrett, akimwonyesha Rosalba kwa kidevu. "Mimi nimesikia sasa hivi, kama wewe."

Mtoto alikuwa akihangaika mgongoni, anataka kushuka akacheze. Pa Houa akakaza kitambaa.

"Ulijua tangu lini?"

Rosalba akainamia sanduku lake la vyombo.

"Ungenitafuta siku yoyote kabla hatujasaini, ukaniambia. Ulikuwa unangoja nini?" Pa Houa alimkazia macho Rosalba. Hakumtazama Garrett hata mara moja. "Toka. Toka nyumbani kwangu."

Garrett akamfungulia Rosalba mlango, kwa adabu zote, akamsaidia kubeba sanduku.