Ng'ombe Aliyetuvuta hadi Gisenyi

Nilipopata pensheni, mke wangu Mukabalisa alisema mutu aliyefanya kazi miaka thelathini lazima aende vakansi, akapumzike mbali na nyumbani, angalau mara moja kabla ya kufa. Basi Agosti ya 1999, vita vikiwa vimepoa na watu wameanza tena kulala bila viatu miguuni, tuliondoka kwetu Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, watatu: mimi, yeye na binti yetu Gatesi. Siku nne kisiwa cha Rutaro kwa rafiki yangu Rutagengwa, kisha siku nne kisiwa cha Kanyoni kwa dada ya mke wangu.

Ninayotaka kusimulia ni siku ya kuhama kisiwa. Kutoka Rutaro mpaka Kanyoni si mbali. Jogoo wa huku akiwika, wa kule anajibu. Sisi tulimaliza siku nzima na hatukufika.

Kosa lilianza jana yake, kwenye pombe ya ndizi. Nilimwambia Rutagengwa kwamba ujanani nilivusha ng'ombe arobaini mpaka kisiwa cha Idjwi, nikiogelea mbele yao, na yule wa mwisho alipochoka nikambeba mabegani. Kweli ni kwamba sijui kuogelea. Hata nikinawa uso nafunga pumzi. Lakini Rutagengwa alicheka mpaka akatoa machozi, akasimama, akasema mbele ya watu wote, "Sebagabo, nakupa ng'ombe."

Kwetu hayo si maneno ya pombe. Mutu akikupa ng'ombe hukatai wala hulipi. Unapiga makofi, na tangu siku hiyo unaapa kwa jina lake. Na humuachi ng'ombe kwake eti utarudi kumchukua, hapo umemdharau.

Mukabalisa hakupiga makofi. Alienda moja kwa moja kwa mtamba wa kahawia niliyepewa, akamuwekea mkono mgongoni, akakaa naye mpaka chakula chake kikapoa. Ng'ombe wetu saba walikwisha wote mwaka ule wa 1994. Tangu hapo nyumbani maziwa ni ya kopo, na yeye hayagusi.

Asubuhi Rutagengwa akaniuliza, "Nikupe muchungaji wangu akuvushie?" Kabla sijajibu, akajipiga paja. "Mutu wa ng'ombe arobaini! Ningekutukana bure."

Hapo ndipo ningesema kweli. Mdomo ambao haujafungwa miaka sitini ukakosa maneno mawili.

Wachungaji wa visiwani hawamfungi ng'ombe kamba. Wanaingia majini pamoja na kundi, wanapiga mluzi, na kila ng'ombe anafuata mluzi na mwenzake wa mbele. Mmoja peke yake, bila mluzi, anaenda anakopenda. Hayo niliambiwa baadaye. Mimi nilimfunga kamba shingoni, ncha nyingine nikaifunga nyuma ya mtumbwi wa Callixte, mvuvi aliyekubali kutupeleka.

"Muzee," Callixte akauliza, "kamba ni ya nini?"

"Ya adabu."

"Adabu, ng'ombe iko nayo. Labda tukufunge we."

Tukatoka. Mwanzoni ilikuwa safari ya wafalme. Mukabalisa alikaa akitazama nyuma, akimsemesha ng'ombe polepole kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Tulipofika katikati, ng'ombe akainua kichwa, akaona ule ufuo mrefu wa Gisenyi na milima ya kijani nyuma yake, akageuka. Mtumbwi nao ukageuka.

"Piga kasia!" nikapiga kelele.

"Napiga!" akasema Callixte. "Mi naenda Kanyoni. Ni ng'ombe wako iko naenda mujini!"

Alipiga kasia mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na sisi tukaendelea kwenda Gisenyi kinyumenyume. Kamba ilikaza, ubavu wa mtumbwi ukainama, maji yakaanza kuingia.

"Papa, kata kamba!" akasema Gatesi.

"Mutu asiikate!" Mukabalisa aliishika kwa mikono miwili. "Akipotea huyu, sipati mwingine." Kisha akanigeukia, na macho yake hayakuwa na mzaha hata kidogo. "Papa Gatesi, ingia majini. Ogelea mbele yake kama ulivyofanya Idjwi."

Miaka thelathini na minne ya ndoa, nilidhani yeye ndiye mtu pekee asiyeamini hadithi zangu.

"Mama Gatesi," nikasema, "mi sijui kuogelea."

"Na wale arobaini?"

"Hawakuwepo."

Hakunitukana. Aliachilia mkono mmoja, akachukua kopo, akaanza kuchota maji mtumbwini, mkono mwingine bado kwenye kamba. Callixte akaacha kupinga, akageuza kasia, akamsaidia ng'ombe. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya kutozama.

Tukaingia Gisenyi saa nane mchana, wageni wa hoteli wamesimama ufuoni na vikombe mkononi, vijana wa pikipiki wakishangilia. Ng'ombe alitoka majini akavuta mtumbwi mzima, na sisi ndani, mpaka kwenye barabara ya lami. Callixte anasema ni hatua tatu tu, lakini yeye alikuwa amefumba macho.

Kelele zikamleta mlinzi wa ofisi ya serikali iliyo jirani, mtu mpole mwenye daftari.

"Karatasi ya ng'ombe iko wapi?"

"Ni ng'ombe wa zawadi," nikasema. "Nimepewa jana. Naapa kwa Rutagengwa aliyenipa!"

"Bon. Hata mwizi wa jana aliapa. Mupaka iko pale, muzee. Ng'ombe za wizi zinavuka kila siku. Aliyekupa aje aseme mwenyewe. Asipokuja mpaka kesho, huyu anapelekwa Mahoko, anauzwa sokoni."

Nikamtazama Callixte. Callixte akatazama ziwa. Upepo ulikuwa umeanza, mawimbi yana vichwa vyeupe. "Leo hapana," akasema. "Kesho, kama ziwa litataka."

"Mi nitakwenda kumwambia Rutagengwa," nikamwambia mke wangu. "Kila kitu. Na ya Idjwi."

"Utakwenda na nini?"

Ng'ombe alifungwa ndani ya ua wa ofisi, anatetemeka. Mukabalisa akavua kitenge chake kipya cha juu, alichokinunua kwa ajili ya vakansi, akaanza kumfuta maji, mgongo, shingo, masikio.

"Mama, usimuguse, ni kizibiti," mlinzi akasema.

Akaendelea kufuta. Gatesi akainama kung'oa majani karibu na ukuta.

"Na majani ni ya serikali, dada yangu."

Basi nikatoka nje ya lango na kuanza kutafuta majani kando ya barabara. Pikipiki zilikuwa zimeyakanyaga yote. Nilirudi na kiganja kimoja. Mukabalisa aliyapokea bila kunitazama, akamlisha ng'ombe jani moja moja, ili yachelewe kwisha.