Joto Chini ya Mikeka

Lupesina, inspekta wa zimamoto, alikuwa ameshajua kwa nini nyumba ya Bibi Akenese iliungua, na kujua huko ndiko kulikomnyima raha. Tangu asubuhi alikuwa akichakura majivu. Pasi iliyolaaniwa na kijiji kizima aliikuta chini ya dirisha, plagi yake imechomolewa. Sakafu ilikuwa imeungua zaidi katikati ya chumba, na hapo ndipo alipookota kipande cha waya wa shaba kilichoyeyuka. Malelega, mkwe wa bibi, aliyedaiwa kuiacha pasi ikiwaka, hakuwa na kosa. Lakini alikuwa ameshahukumiwa: leo hii, chakula kikiisha, angerudishwa kwao, na mtoto wake mchanga angebaki.

Kwa hiyo Lupesina alitaka kusema upesi. Upesi, kisiwani Savai'i! Mgeni wa serikali hasemi mpaka akaribishwe, na wa kumkaribisha alikuwa Mzee Vaeluaga, msemaji wa ukoo, ambaye salamu zake huanzia kwa mababu wa mababu. Familia ilikuwa imehamia nyumba ya jirani. Bibi Akenese, mkono umefungwa bendeji, aliamuru mgeni atandikiwe vizuri.

"Ongezeni mikeka. Inspekta asije akasema tumemkalisha chini kama kuku."

Feni ikaletwa. Jikoni, wali ulikuwa ukitokota kwenye sufuria la umeme. Lupesina alikunja miguu, akasikiliza salamu za mzee.

Paja lake la kushoto lilianza kupata joto. Alidhani ni jua. Akasogea kidogo, joto likahamia la kulia. Akapapasa mkeka kwa siri: joto lilikuwa limekaa mstari, kutoka ukutani hadi mlango wa jikoni.

"Malelega," alinong'ona, "hapa chini kuna nini?"

"Waya wa jikoni, dada. Mama hapendi wageni waone manyaya."

"Huo waya unabeba nini?"

"Friji, wali, na hiyo feni. Soketi nzima ni moja tu, ile nyuma ya mzee."

"Nenda kauchomoe."

"Mzee anaongea. Nikiinuka sasa hivi, hata mbwa wa hapa hawatanijua tena."

Na mtoto alikuwa amelala juu ya mikeka hiyo hiyo, mdomo wazi.

Lupesina alijua la kufanya. Si ndiyo kazi yake, si ndilo somo analozunguka nalo mashuleni? Na bado alikaa, jasho likimtoka. Kusimama mbele ya wazee waliokaa, tena msemaji akiwa katikati ya maneno, ni kumtukana yeye na waliomzaa. Wakikasirika, nani angesikiliza neno lake juu ya Malelega? Aliogopa, na aliona aibu kwa kuogopa. Kisha akasikia harufu ya plastiki.

Akasimama.

Mzee Vaeluaga alinyamaza. "Binti," alisema taratibu, "kwenu mmeacha kufundishana kukaa?"

"Nisamehe, mzee wangu. Utanigombeza na nitasikiliza. Kwanza nipishe."

Alipita ameinama, akaichomoa plagi, ikamchoma vidole. Akamwinua mtoto, akampa mama yake. Kisha akaanza kufunua mikeka. Wa juu ulikuwa mzima. Uliofuata ulikuwa na mstari wa kahawia. Wa chini kabisa ulikuwa mweusi, na alipoufunua ukatoa moshi.

"Moto wa kule ulianza hivi hivi," alisema Lupesina. "Waya mwembamba umebebeshwa mzigo mkubwa, halafu ukafunikwa, joto likakosa pa kutokea. Pasi ilikuwa imechomolewa, wazee wangu. Nimeikuta mwenyewe."

Bibi Akenese aliugusa ule mstari mweusi kwa kidole.

"Ni mimi ninayetaka nyaya zifunikwe," alisema. "Kule pia nilitandika mimi."

Akasogea kwa magoti hadi mbele ya mkwewe, akaanza kuinama. Mzee Vaeluaga aligeuza uso. Mtu mzima akiinama hivyo kuomba radhi, aliyekosewa humwahi akamwinua kabla hajafika chini, na watu wote walingoja Malelega anyooshe mkono.

Malelega alimkumbatia mwanawe kwa mikono yote miwili. Alimwacha bibi ainame mpaka paji la uso likagusa sakafu. Ndipo akamwinua.