Kifua Cheupe Chini ya Vumbi

Kunguru wengi wa soko la Majengo ni wale wa Kihindi: wembamba, shingo ya kijivu, kelele na ujeuri mpaka ndani ya sufuria. Mimi Thobias nilipewa kazi ya kuwanasa kwa mtego wa waya na kuwanyonga. Anitha, mtaalamu wa ndege aliyenifundisha, alinikazia jambo moja.

"Kaka Thobias, mwenye kifua cheupe mwachilie. Huyo ni wa kwetu, na hao wa kijivu wanamsumbua."

Nikamjibu kwamba mimi si kipofu.

Jumatano moja ya Septemba, baada ya siku tatu za upepo, nilikuta sita mtegoni, wote rangi ya vumbi. Nilikuwa na haraka ya chai. Wa sita alikuwa mzito mkononi, na hapo ningepaswa kushtuka, maana wa Kihindi ni mwepesi. Nikamnyonga. Nilipomtumbukiza kwenye ndoo ya maji ya dawa, kama tulivyoelekezwa, vumbi jekundu likatoka na kifua kikawa cheupe pe.

Mwenzake alikuwa juu ya mnara wa simu, kwenye kiota chenye makinda. Tangu siku hiyo kila nikipita ananishukia kichwani. Watu wengine hawagusi. Nilibadili kofia, nikaazima koti la Bashiri muuza mahindi, alinijua tu.

"Umemfanya mjane huyo," alinitania Joha, muuza utumbo. Sikucheka.

Nilimpigia Anitha nikakiri. Akasema ndege hao hushika sura ya mtu, na kwamba ni vigumu mzazi mmoja kulisha makinda huku akilinda kiota.

Nikaanza kumwekea utumbo juu ya paa la soko. Hakuugusa. Alipouweka Joha, ukaliwa palepale. Basi kila asubuhi nikawa nanunua mimi, anaweka Joha, nami najificha nyuma ya magunia ya karanga. Niliona aibu, mtu mzima na ndevu zangu.

Novemba makinda wawili wakashuka pale paani, vifua vyeupe safi. Kwa furaha nilisahau nikatoka nijionee vizuri.

Mzazi akalia. Makinda, ambao hawakuwahi kuniona, wakageuka, wakanikazia macho usoni, kisha nao wakalia vilevile.

"Rudi nyuma, kaka," Joha akasema taratibu. "Waache wamalize kula."