Nilimpikia Baba

Mwanakhamis alikuwa akikunja shuka katika chumba cha juu cha nyumba ya wageni anakofanya kazi, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, binti yake alipompigia simu kumwambia asitoke nje kwanza.

"Kwa nini nisitoke?"

"We ngoja tu, mama. Naja." Sauti ya Ummukulthum ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia.

Alifika akihema, buibui limemvuka bega, akamshikisha mamake simu bila neno. Mwanakhamis akajiona mwenyewe kwenye kioo: mtandio wake wa buluu, ukuta wa darasa nyuma yake, mikono yake isiyotulia anapotafuta maneno. Alikuwa akisema Kiingereza. "My father was sick. Every day I cooked my father. I cooked my father slowly, slowly, until he finished." Hapo picha ikakatwa, kikaingia kicheko cha mashine, kile cha vipindi vya vichekesho, na sufuria ya kuchorwa ikifuka moshi. Chini yake maandishi: Usiwe kama huyu. Jiunge na darasa la Mwalimu Hussam.

Aliitazama mara ya pili. Bado hakuona cha kuchekwa.

"Mama," Ummukulthum alisema, macho yake sakafuni, "umesema ulimpika babu. Ulimpika polepole mpaka akaisha."

Mwanakhamis akaketi kwenye kitanda alichokuwa ametoka kukitandika. Kwa lugha yake, nilimpika na nilimpikia vinatengwa na kisauti kimoja tu, na hakuna mtoto Mombasa anayekosea. Kwa Kiingereza ile "kwa ajili ya" ina neno lake peke yake, nalo lilikuwa limemponyoka.

Babake, Mzee Bwanaheri, alikuwa fundi wa makubadhi, vile viatu vya ngozi. Saratani ilimshika kooni, na mwisho wake hata maji yalikuwa yakimkwama. Mwanakhamis ndiye aliyemuuguza. Alimpikia uji wa mchele kwa tui jepesi, akauchuja kwa kitambaa cha melimeli, akamlisha kijiko kwa kijiko, akingoja kila funda lishuke, mpaka amalize bakuli. Kumaliza bakuli ndiko alikokusudia. Siku mzee alipolimaliza, nyumba nzima ilipumua.

Hilo ndilo alilolisimulia darasani. Darasa lao lilikuwa la daraja la kati, la watu wazima, ghorofani Tononoka juu ya duka la vipuri, baada ya alasiri. Alikuwa amejiunga kwa sababu mwenye nyumba ya wageni alitafuta mtu wa kukaa mapokezi, na yeye alichoka kuitwa ghorofani kila mgeni alipotaka taulo, halafu kusukumwa kando mgeni huyo huyo alipotaka mazungumzo. Siku ile somo lilikuwa ni wakati uliopita. Hussam aliwataka kila mmoja asimame aeleze jambo lililomtokea, lolote, mradi liwe la kweli. "Ya kweli ndiyo yanayofungua ulimi," aliwaambia. Akashika simu yake juu, akasema anarekodi ili awasahihishie matamshi baadaye.

Hakuna aliyemtilia shaka. Mwanakhamis hasa, maana Hussam alikuwa kijana wa mtaa, mtoto wa Bi Mahfudha, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alimwona akitambaa. Hata hivyo alimwita mwalimu, kwa adabu, tangu siku ya kwanza.

Jioni ya siku aliyoonyeshwa video alirudi nyumbani kwa miguu, Ummukulthum kando yake. Kwenye baraza moja ya Kibokoni vijana walikuwa wakinywa kahawa. Mmoja akaita, "Bi Mwanakhamis! Leo wampika nani?" Wenzake wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Ummukulthum akamvuta mamake mkono waharakishe. Mwanakhamis hakuharakisha. Alisimama mbele yao, akawatazama mmoja mmoja, watoto wa watu anaowajua, na kinywa chake kikakataa kufunguka. Hilo ndilo lililomuunguza zaidi njiani kote, kwamba alikuwa na maneno ya kuwatosha wote na hakutoa hata moja.

Nyumbani alimkuta kakake, Faraj, amekaa sebuleni na kofia yake magotini.

"Nilikwambia au sikukwambia?" Faraj alianza hata kabla ya salamu. "Mwanamke wa arubaini na ushei wenda kukaa madawatini kama mtoto. Haya, sasa jina la baba lachezewa mji mzima. Nimetoka msikitini nimeinamisha kichwa."

"Mimi ndiye niliyelichezea?"

"Ungetulia kwako, nani angekurekodi?"

Mwanakhamis alivua mtandio, akaukunja, akauweka mezani.

"Faraj, baba alipokuwa mgonjwa ulikuwa ukija na machungwa. Baba hamezi maji, wewe waja na machungwa. Wakaa pale mlangoni, watazama saa, wenda zako. Siku hizo hukuinamisha kichwa. Leo ndiyo wamwonea baba uchungu?"

"Usinigeuzie maneno. Ninalosema, kule usirudi tena."

"Kesho nitarudi."

"Kufanya nini?"

"Hayakuhusu. Kofia yako yaanguka."

Faraj aliokota kofia, akaondoka bila kuaga. Mwanakhamis hakulala vyema. Kila alipofumba macho alisikia kile kicheko cha mashine, na nyuma ya kicheko sauti ya babake akikohoa.

Kesho yake alipanda ngazi za Tononoka somo limeshaanza. Ubaoni Hussam alikuwa ameandika maneno ya hisia, yamepangwa kutoka dogo hadi kubwa: annoyed, angry, furious. Kuudhika, kukasirika, kughadhibika. Wanafunzi walikuwa wakiyatungia sentensi. Alipoingia, kalamu zote zilisimama. Walikuwa wameiona, kila mmoja wao, aliwasoma nyusoni.

"Welcome, Bi Mwanakhamis," Hussam alisema, meno nje. "Sit down, please."

"Hussam, ile video itoe."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo humo ndani, bila neno mwalimu. Hussam akanyanyua kidole kuelekea karatasi iliyobandikwa mlangoni, iliyokataza Kiswahili darasani. "English, please. You know the rule."

"Leo utanisikiliza kwa Kiswahili, lugha aliyokulelea mamako. Itoe."

Kijana alimkaribia, akashusha sauti. "Bi Mwanakhamis, tutoke nje tuzungumze. Lile ni tangazo tu. Watu wamelipenda, wanafunzi wapya wanapiga simu. Hakuna aliyekukusudia ubaya. Na jina lako sikulitaja."

"Uso wangu si jina?"

"Ni mfano wa kufundishia. Kosa lazima lionyeshwe."

"Ungenionyesha mimi!" Sauti yake iligonga dari. "Nilisimama hapa hapa, mbele yako. Nilipomaliza ulitikisa kichwa ukaniambia 'very good'. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mwanangu, leo mwalimu kanisifu. Kumbe ulishaliona kosa. Ulilificha ukenda kulicheka na watu. Huo ndio ualimu?"

Hussam alimpa mgongo. Alirudi mezani akaanza kupanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Nyuma ya darasa akasimama Dzoro, askari wa lango kwenye ghala moja la Liwatoni, mtu mrefu asiyependa maneno, aliyekuja darasani na sare yake kila siku kwa kuwa zamu yake ilianza magharibi. "Mwalimu," alisema, "na mimi uliniweka kwenye simu?"

"Dzoro, kaa chini. Hizo ni kazi za darasa."

"Nilisema habari za ndugu yangu. Nauliza, ziko wapi?"

Hapo kiti kikaburutwa upande wa dirishani. Ni Everlyne, aliyekuwa akisomea mtihani wa Kiingereza ili akafanye kazi ya uuguzi ng'ambo. Siku ile ya wakati uliopita yeye alisimulia mimba iliyomharibikia. Alikuwa ameigeukia simu ya mwalimu na kusema kila kitu, kwa makosa yake yote, mpaka machozi yakamzuia. Sasa alitembea moja kwa moja hadi mezani na kunyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu."

"Everlyne, be reasonable..."

"Nipe simu, mwalimu. Yangu ulikuwa unaitoa lini? Wiki ijayo? Hiyo nayo ungeiwekea mchoro gani?"

Darasa lote likawa wima. Hussam alitazama mlango, akaona Dzoro ameshaufikia, naye hakumgusa mtu, alisimama tu kama anavyosimama langoni kwake. Kijana akatoa simu mfukoni. Mbele yao wote alifuta tangazo, kisha akafuta masimulizi yao, moja baada ya jingine, Everlyne akichungulia begani mwake na kumhesabia majina. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Haya," alisema. "Yametoka. Turudi kwenye somo?"

Mwanakhamis alijua kwamba hayakutoka. Yalikuwa kwenye simu za wale vijana wa barazani, za mabinti wa shangazi zake, za watu asiowajua Nairobi na kwingine. "Bado," alisema. "Sasa jirekodi wewe. Sema mwanamke yule alikuwa akieleza alivyomuuguza babake, na mimi nikamkata maneno ili mumcheke. Sema hivyo, uiweke pale pale ulipoiweka ile."

Hussam alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa. "Hilo siwezi. Nikisema hivyo darasa langu limekufa."

"Na babangu je?"

Alingoja. Hussam akavigeukia tena vitabu vyake. Basi akaokota mfuko wake na kushuka ngazi, na Dzoro akamfuata. Everlyne alitoka hadi kizingitini, akasita. "Dada, mtihani wangu uko karibu," alisema. "Sina pengine pa kwenda." Mwanakhamis hakumgeukia. Baadaye angekuja kujilaumu kwa hilo, lakini saa ile alikuwa na hasira hata na ngazi.

Siku chache baadaye Bi Mahfudha alibisha hodi, amejifunga leso mbili kama aendaye matangani. Alikataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka.

"Mwanangu, nimekuja kwa miguu yangu kukuomba radhi. Yule mtoto amenivua nguo. Sijui alilishwa nini. Nisamehe."

Mwanakhamis alimpenda yule bibi. Siku za mwisho za babake, ni Bi Mahfudha aliyekuwa akimletea tui lililokwisha kuchujwa, apate kupumzisha mikono. Alimshika kiganja akakibusu. "Wewe mama hujanikosea kitu. Baina yangu na wewe hakuna neno. Lakini yeye ana miguu, na ukuta wetu ni mmoja. Aje mwenyewe."

"Aona haya."

"Na mimi naona haya kila ninapokwenda sokoni, na bado naenda."

Bi Mahfudha alilia kidogo, akanywa chai, akarudi kwake. Hussam hakuja. Mwanakhamis alipokutana naye kichochoroni aliitikia salamu yake, kwa kuwa salamu ni haki ya Mungu, na zaidi ya hapo hakumpa hata nusu ya neno. Faraj naye alituma watu kusema kwamba jambo limekwisha, watu wamesahau, mambo yaishe. Aliwarudisha. Yeye hakuwa amesahau, na hakuona kwa nini wepesi wa watu wengine wa kusahau uwe ndio kipimo chake.

Kiingereza hakukiacha. Dzoro ndiye aliyeanza. Alikuwa na kitabu cha sarufi kilichochanika jalada, chenye mazoezi na majibu nyuma, akampigia simu kumwuliza kama angependa wakifanye pamoja Jumapili. Wakawa wanakutana ufukweni Mama Ngina wakati wa jioni, Ummukulthum akiwa nao, kwenye ukuta ulio mkabala na wauza mihogo, mmoja akisoma swali na mwingine akijibu. Jumapili ya tatu Everlyne alikuja bila kualikwa, amebeba kachiri za muhogo za kuwatosha wote. Alikaa ncha ya ukuta. Mwanakhamis akasogeza mfuko wake ili apate nafasi.

Jioni hiyo zoezi lilikuwa kueleza jambo lililokuudhi kazini. Mwanakhamis akaeleza: kwenye nyumba ya wageni, ile nafasi ya mapokezi alikuwa amepewa binti mmoja aitwaye Beverly, aliyefika mwezi uliopita, na mwenye nyumba alimwambia Mwanakhamis kwamba wageni wengine walikuwa wameiona video. Alisema yote kwa Kiingereza, akiyafuata maneno kama mtu avukaye mtaro kwa mawe. Dzoro akamkatiza kumwambia kwamba hapo alipotumia wakati uliopo alitakiwa kutumia uliopita.

"No," Mwanakhamis alisema.

"Yes. Look at the book."

"The book is not there! I am there!" Bado yupo pale, alimwambia, na binti bado yuko mezani, na yeye bado apandisha shuka ghorofani kila asubuhi, kwa hiyo haijapita. Mambo haya yanaendelea leo na kesho yataendelea, na Jumatatu atamfuata mwenye nyumba ofisini kwake na kumwambia hivi hivi, kwa Kiingereza hiki hiki, na asipomsikiliza kuna nyumba nyingine za wageni mjini. Dzoro akajaribu kuingiza neno, akashindwa. Everlyne aliacha kutafuna. Wanunuzi wa mihogo waligeuka kumwangalia, na kijana mmoja akatoa simu yake.

Mwanakhamis aliiona ile simu. Akamnyooshea kidole yule kijana, "You! Put it down," na kijana akairudisha mfukoni. Kisha akamgeukia Dzoro na kuendelea pale alipoachia.