Tenti za Vivianne

Kwa miaka mingi hapakufanyika mazishi Matayos bila mtu kuuliza kwanza kama Vivianne Nabwire amepigiwa simu. Alikodisha tenti na viti pale Busia mjini, na watu walimpenda kwa sababu hakuwa na mkono wa birika. Viti vikimwishia, alimwelekeza mteja kwa Oundo wa Chakol, tena kwa moyo mweupe. Tenti ya mwenzake ikiraruliwa na upepo, alimwazima yake wala hakungoja shukrani. Wala msibani hakuwa mtu wa kufunga kamba na kuondoka. Aliketi na wafiwa, akamenya viazi na akina mama, akajua nani kampoteza nani. Basi wateja walimjia wenyewe, na wakirudi walirudi na ndugu zao.

Sifa hizo zilifika mbali. Kanisa moja la mjini likamwalika azungumze na vijana wanaoanza biashara. Vivianne hakuzoea kuhutubu, akasema lililomjia: watu ndio mtaji, na ukimshika mwenzako mkono, kesho naye atakushika. Vijana wakapiga makofi. Mmoja wao, Quinton, akamfuata hadi nje na kumwomba amfundishe kazi.

Akamfundisha. Alimvusha ng'ambo, upande wa Uganda, kwa mafundi wanaoshona maturubai kwa bei nzuri. Akamjulisha kwa wapishi, kwa wenye spika, na kwa Abdulnoor, tajiri wa malori wa Malaba, aliyekuwa mteja wake wa miaka. Abdulnoor alipotaka kumwoza binti yake Lubna, Vivianne ndiye aliyemshauri kazi ampe Quinton, ili kijana naye ajulikane. Na kwa kuwa Quinton alikuwa na tenti mbili tu, Vivianne akampakilia zake zote, na viti vyote, stoo ikabaki mabuibui.

Sherehe ilikuwa imeshaanza Malaba pale mama mzazi wa Vivianne alipofariki nyumbani Busibwabo. Wazee wakapanga azikwe Jumamosi. Jirani mmoja alijitolea kutafuta tenti, lakini Makokha, kaka mkubwa wa Vivianne, akamkatalia kwa fahari. Alisema boma la Vivianne haliombi tenti.

Vivianne alimpigia Quinton, simu ikaita tu. Ijumaa mchana akaenda Malaba mwenyewe. Alikuta tenti zake zimejaa wageni, pilau inapakuliwa, wanawake wanapiga vigelegele. Akamvuta Quinton kando, akamweleza msiba.

Quinton aliinamisha kichwa. Alimpa pole, pole nyingi tu, kisha akasema sherehe ingeendelea mpaka Jumapili, na kwamba kushusha tenti wageni wakiwa wameketi kungemwaga unga wake.

"Si ni wewe ulinifundisha, mama," alisema, "kwamba mteja haaibishwi?"

Abdulnoor alikuwa amesimama karibu, akiwaamkua wageni. Vivianne angemwendea tu na kumwambia. Hakwenda. Aliona akimshtaki kijana kwa mteja wake mkubwa wa kwanza, atakuwa amemvunja mguu ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Alijifuta uso kwa ncha ya leso, akarudi kwao.

Alipiga simu huku na huku, lakini Jumamosi ni siku ya mazishi, na kila tenti ilikuwa na mwenyewe. Oundo peke yake ndiye aliyebana kazi yake mwenyewe na kumletea tenti moja ndogo. Ilitosha jeneza na mchungaji. Ibada ikiwa katikati, mvua ikashuka. Watu walikimbilia migombani na chini ya mabati ya jikoni, na wengi wakaenda zao kabla kaburi halijafunikwa. Vivianne alisikia mwanamke nyuma yake akiuliza kwa sauti ya chini kama huyu si ndiye yule wa tenti. Makokha, koti limemgandia mwilini, hakumtazama.

Wiki iliyofuata Abdulnoor alikuja Busia kumpa pole. Aliketi, akamwombea marehemu, kisha akauliza kwa uchungu kwa nini hakuambiwa.

"Karamu yangu iliisha Ijumaa ile ile," alisema. "Kufika magharibi vijana walikuwa wameshashusha tenti. Mimi nilidhani wanakurudishia mali yako stooni."

Haikuchukua muda kujua zilikopelekwa. Dereva aliyezibeba alisema zilikwenda Moding, kwenye harambee ya mheshimiwa mmoja, na Jumamosi nzima zilikuwa huko.

Quinton alizirudisha zimekunjwa vizuri, na juu yake ameweka mfuko wa sukari wa rambirambi. Vivianne alimuuliza jambo moja tu: siku ile wakizungumza, alijua kwamba tenti zingeshuka jioni?

"Nilijua," alisema Quinton, macho yakiwa chini. "Lakini ile ya Moding ilikuwa nafasi yangu, mama. Ningemwangusha mheshimiwa, angenimaliza. Wewe nilijua utanielewa."

Vivianne alimrudishia sukari yake, akafunga mlango wa stoo.

Alitegemea wenzake wa kazi wangesimama naye. Walikuja kweli, wakamsikitikia. Aidah, mwenye kukodisha sufuria, rafiki yake wa tangu zamani, alikaa naye mchana kutwa na hata akalia. Alipokuwa akiondoka ndipo akasema kwamba ataendelea kufanya kazi na Quinton, kwa sababu kazi kubwa sasa zinapitia kwake.

"Nina watoto, Viv," alisema.

Vivianne alimwambia hana neno. Na kweli hakuwa nalo.

Mwaka ulipogeuka, ukoo ukaandaa kumbukumbu ya mama. Vivianne alifika Busibwabo asubuhi na gari limesheheni, akakuta tenti zimeshasimama, kamba zimekazwa, viti vimepangwa mistari. Zilikuwa za Oundo. Makokha alitoka kumlaki. Alisema hakutaka kumsumbua. Alisema kwa upole, pasipo kinyongo chochote, na Vivianne akatamani angemgombeza.

Alimwambia dereva ageuze gari arudi mjini. Kisha akaingia bomani kwao, na msichana mmoja wa ukoo, asiyemfahamu, akamkaribisha na kumwonyesha pa kukaa.